Mstari wa Mauti

Katika maneno ya Kiingereza ambayo watu wa Afrika Mashariki wameyachukua, wakayatia lafudhi yao na kuyatumia kila siku pasipo kuyauliza nasaba, hakuna lililokaa nami muda mrefu kuliko neno deadline, kwa sababu nimefanya kazi chini ya amri yake sehemu kubwa ya umri wangu, kwanza nikiwa mwanagenzi katika matbaa, kisha mpanga herufi, na baadaye mhariri wa zamu ya usiku katika gazeti moja la Dar es Salaam. Aliye ofisini leo hahitaji kufasiriwa: ipo siku, au ipo saa, na kazi ikiletwa baada yake haipokelewi. Wachache, hata hivyo, miongoni mwa wanaolitamka neno hilo jasho likiwatoka, wanajua kwamba watu waliolieneza, wakaliweka neno la kufa kando ya neno la mstari, hawakuwa wakisema juu ya saa wala tarehe hata kidogo. Walikuwa wakisema juu ya mstari uliokuwapo ardhini, ambao mtu aliyeuvuka alipigwa risasi, na waliouona kwa macho yao walikuwa makumi ya maelfu.

Kabla sijafika huko, nitangulize machache juu ya namna ndimi mbili hizi zinavyounga majina. Mswahili akitaka maneno mawili yawe jina moja hupenda jina hilo liseme kitu kinafanya kazi gani: chakula cha asubuhi ni kifungua kinywa, na fedha anazopewa mtumishi anapostaafu ni kiinua mgongo, na hata asiyepata kulisikia jina hilo anaweza kuikisia maana yake akiutazama mgongo wa mzee mwenyewe. Kiingereza hakijitii katika taabu hiyo. Huyaweka maneno mawili jirani, kikamwachia msikilizaji kazi ya kuutafuta udugu ulio kati yao, na ndiyo maana mgeni akilikuta neno hili ana haki ya kuuliza kama ni mstari uliokufa au ni mstari unaoua. Majibu yote mawili yamepata kuwa sahihi, kila moja kwa wakati wake na kwa watu wake.

Jibu la kwanza ni la wavuvi. Katikati ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa maana ya mshipi wa kuvulia ambao hauendi wala haukimbii, umetulia majini ukingoja. Kufa huku ni kutulia tu, na mtu wa mwambao hana la kushangaa hapo, kwa kuwa naye huziita maji mafu siku zile ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, kinyume cha bamvua, wala hakuna aliyepata kudhani kwamba bahari imekata roho. Lau neno lingalibaki kwa wavuvi, mimi nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Mimi nilikutana na mstari wenye jina hilo mara ya kwanza katika chuma. Matbaa niliyojifunzia kazi ilikuwa na mashine ya zamani yenye meza pana ya chuma iliyolala, na juu ya meza hiyo pipa kubwa lililozunguka. Herufi za risasi zilifungwa ndani ya fremu, fremu ikalazwa mezani, wino ukapakwa, na karatasi ikashikwa ukingoni na vidole vya chuma vilivyoizungusha pipani hata ikagusana na herufi na kuachwa ikiwa imesema neno. Karibu na ukingo wa meza ile palichongwa mstari. Fundi wetu, mzee wa Kilwa ambaye sote tulimwita Fundi tu, kana kwamba hakuna mwingine duniani, alinionyesha mstari ule kabla hajanionyesha sanduku la herufi.

“Kijana,” aliniambia, “herufi ikikaa upande huu, watu watasoma. Ikikaa upande ule, vile vidole vitaisaga, risasi tutaiyeyusha upya, na wewe utafagia.”

Nikamwuliza unaitwaje. Akanijibu kwamba Wazungu waliokuwapo kabla yake waliuita deadline, na kwamba yeye huuita mpaka, kwa sababu umepakana na hasara. Maana hiyo ya wapiga chapa imo katika vitabu vya ufundi vya Marekani vya mwanzoni mwa karne ya 20, na nilivutiwa nayo tangu siku ile kwa jambo moja, kwamba mstari ule haukuwa amri ya mtu yeyote. Hakuna bwana aliyeuweka ili tumwogope. Mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa na mwisho wa kufika kwake, na aliyechonga alama alitufanyia hisani ya kutuonyesha mwisho huo ulipo.

Hata hivyo jina lile la mauti lilinishughulisha, hasa kwa kuwa ghorofani, katika chumba cha wahariri, nilikuwa nikimsikia mhariri Mwingereza akilitamka neno lilelile kila jioni huku akitazama saa ya ukutani. Nilikuwa na ami yangu aliyesomesha chuoni Tanga, mtu wa lugha, mwenye subira na watoto na asiye na subira na wajinga wazima, na nilipokwenda kumzuru sikukuu ya Idi nilimweleza jambo hilo kama mtu anayeleta habari za maajabu: kwamba Wazungu wana neno moja la mauti na la wakati wa kazi. Nilitazamia astaajabu. Ami alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha.

“Na sisi tunalo, mwanangu,” akasema. “Au ajali umeisoma kwa madereva tu?”

Kisha akanifungulia mlango ambao mpaka leo sijaufunga. Sisi siku hizi tukisikia ajali huona gari lililopinduka, lakini neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, na katika aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, ile ya Surat al-Baqara iliyo juu ya madeni, waumini wanaelekezwa kuliandika deni pamoja na ajali yake, yaani siku ya kulipwa. Na mahali pengine katika kitabu hichohicho neno hilo ni kikomo cha umri wa mtu au wa umma mzima. Siku ya kulipa na siku ya kufa zimevaa jina moja. Wahenga wa mwambao walilipokea neno kwa upande wake wa pili, na methali isemayo kwamba ajali haina kinga, ambayo leo husemwa magari yakigongana, ilikuwa kwanza ni methali ya saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Ami hakuishia hapo. Alinieleza, kwa sauti ileile aliyoitumia kuwafundisha watoto irabu, kwamba ajali hizi mbili zinafanana kwa jina na kutofautiana kwa mwenyewe: ile iliyo kwa Mola haina mazungumzo, ilhali ile iliyo baina ya mdai na mdaiwa ina muhula, na mdai anayeifanya ya pili ifanane na ya kwanza amejipa cheo kisicho chake.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba fumbo langu limekwisha, na kwamba Waingereza walikuwa na fikira kama ya Waarabu, ya kuyafananisha madeni na mauti. Sivyo. Neno lao lilitoka mahali panapojulikana, na miaka mingi baadaye, katika ziara ya waandishi wa habari iliyonipeleka Marekani, niliomba nipelekwe huko, ijapokuwa wenyeji wetu walikuwa wamepanga kutuonyesha viwanda.

Andersonville ni kijiji katika jimbo la Georgia, kusini mwa nchi ile, katika ardhi nyekundu iliyoota misonobari. Hapo, mwezi wa Februari 1864, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikiwa katika mwaka wake wa tatu, jeshi la majimbo ya Kusini lilifungua kambi ya mateka iliyoitwa Camp Sumter. Ukuta wake ulikuwa wa magogo yaliyokitwa ardhini yakabanana, na walioyakata na kuyakita walikuwa watumwa waliochukuliwa katika mashamba ya jirani. Ndani hapakujengwa nyumba za mateka. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 ilikuwa, ilipofika Agosti ya mwaka uleule, na watu zaidi ya 32,000 katika eneo la ekari 26 na nusu, wakilala chini ya vipande vya blanketi na ndani ya mashimo waliyoyachimba wenyewe. Kijito kimoja kilipita katikati, nacho kabla ya kuwafikia kilikwisha kupita katika kambi ya walinzi na penye jiko. Katika muda wa miezi 14 walipita humo mateka wapatao 45,000, na karibu 13,000 hawakutoka hai, wengi wao wakiwa wameuawa na kuhara, kiseyeye na njaa.

Hatua chache ndani ya ukuta huo, kiasi cha futi 19 au 20, palizungushwa uzio hafifu wa mbao nyembamba zilizopigiliwa juu ya nguzo fupi, uzio ambao usingemzuia mbuzi. Huo ndio mstari wenyewe. Walinzi walikaa juu ya ukuta katika vibanda vidogo, na amri yao ilikuwa kumpiga risasi mateka atakayeuvuka, au hata atakayeugusa. Walikuwapo waliopigwa kwa kunyosha mkono chini ya ubao, pale kijito kilipoingia, kuyafuata maji ambayo yalikuwa bado hayajafika kwa wenzao na kuchafuka zaidi. Na wakati mvua kubwa za Agosti 1864 zilipopasua ardhi na kutoa chemchemi ya maji safi, chemchemi hiyo ilifumuka kati ya mstari na ukuta, mahali ambapo mtu mwenye kiu aliweza kuiona vizuri na asiweze kuiendea, mpaka walipopata njia ya kuyaleta maji upande wao. Wafungwa wenyewe waliiona kuwa ni rehema, wakaipa jina la kuishukuru, na jina hilo inalo mpaka leo.

Kamanda wa ndani ya kambi alikuwa Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Zürich katika Uswisi. Vita vilipokwisha alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Washington kuanzia Agosti 1865, akanyongwa tarehe 10 Novemba mwaka uleule, na katika hati ya mashtaka yake mstari ule ulitajwa kwa jina. Hati hiyo ina jambo moja ambalo limenishika kuliko idadi zote za wafu: inaeleza kwamba mahali pengi mstari haukuonekana, ulikuwa wa kuwaziwa tu, na mahali pengine ulikuwa ni vibao visivyotulia vinavyosogea. Fikiri, msomaji, hali ya mtu ambaye kosa lake la kufa liko mbele ya mguu wake, na hana hakika kama ni hatua hii au ile inayofuata, kwa kuwa anayejua ni yule aliye juu na bunduki. Magazeti ya Marekani yalijaa habari za kesi hiyo, na neno ambalo lilikuwa la walinzi na mateka likaingia katika kila nyumba iliyosoma gazeti.

Insafu yanitaka niseme kwamba mstari wa namna hiyo haukuwa wa Kusini peke yake. Kambi ya Rock Island, iliyokuwa ya Kaskazini, ilikuwa nao pia, na katika kambi nyingine ya Kaskazini, ile ya Elmira katika jimbo la New York, karibu mateka mmoja katika kila wanne alikufa. Aliyeshinda ndiye aliyeshtaki. Ndivyo vita vilivyo. Lakini katika kosa la Andersonville ziko nyuzi ambazo mgeni mweusi hawezi kupita pasipo kuzigusa. Moja ya sababu kubwa zilizoufanya ubadilishanaji wa mateka ukwame, na kambi kufurika, ni kwamba serikali ya Kusini ilikataa kuwahesabu askari weusi wa Kaskazini kuwa mateka sawa na wengine. Na ndani ya ukuta ule walikuwamo askari weusi, wengi wao waliotekwa katika pigano la Olustee, huko Florida, Februari 1864, ambao walitumwa kazi za sulubu wakati wenzao wakikaa. Watumwa walijenga ukuta; watu waliopigania kuwaondoa watumwani wakafungwa ndani yake.

Siku niliyofika hapakuwa na ukuta. Palikuwa na uwanja mpana wa majani yaliyokatwa vizuri, wenye safu mbili za vigingi vyeupe, safu ya nje kuonyesha ukuta ulipokuwa, safu ya ndani kuonyesha mstari. Wenyeji wetu walivuka wakienda kupiga picha, wakarudi, wakavuka tena. Nami nilivuka, maana hapana njia nyingine ya kuutembea uwanja ule, na sikujifanya kwamba naona vivuli. Niliona nyasi, nikaona kwamba upana kutoka kigingi hiki hata kile ni mfupi kuliko chumba cha wahariri tulichokuwa tukikimbizana ndani yake usiku. Makaburini, ambako si mbali, mawe meupe yamesimama karibu karibu hata yanakaribia kugusana, kwa kuwa waliozikwa walilazwa mtaroni ubavu kwa ubavu. Karibu kila jiwe lina jina, na sababu yake ni ya kuwapendeza makarani: mateka kijana aliyeitwa Dorence Atwater, aliyetiwa kazi ya kuandika orodha ya wafu, aliandika nakala ya pili kwa siri akaitoa nje, na katika kiangazi cha 1865 yeye na Clara Barton walirudi na msafara wa serikali kuyatia makaburi alama. Katika mambo yote niliyoyaona Marekani, na nilionyeshwa majengo marefu ya kutosha, orodha ile ndiyo niliyoisimulia zaidi niliporudi.

Baada ya vita neno lilianza kutembea, kama yafanyavyo maneno yenye hofu ndani yake. Mwaka 1880 mkuu wa wapelelezi wa New York, Thomas Byrnes, alitangaza kwamba kusini ya mtaa wa Fulton, katika sehemu ya mabenki na mawe ya thamani, mwizi yeyote anayejulikana akionekana tu atakamatwa, ijapokuwa hajaiba. Na mpaka huo watu wakauita kwa jina la mstari wa Georgia. Hapa risasi imekwisha kuondoka. Iliyobaki ni amri na mwenye kuitoa. Kisha neno likaingia katika magazeti ya Marekani, mstari wa ardhini ukawa mstari wa saa, na kufikia mwaka 1920 maana hiyo ilikuwa imezoeleka kiasi cha kupewa jina la filamu, Deadline at Eleven, iliyokuwa juu ya maisha ya gazetini. (Jina hilo lingemponza Mswahili, kwa sababu saa kumi na moja yao ya usiku ni saa tano yetu, na saa kumi na moja yetu muadhini yu karibu kuadhini; ndiyo maana katika chumba chetu tulibandika ukutani saa zote mbili, moja ya mhariri na moja ya watu.)

Ni baba gani basi aliyelizaa neno la gazetini, gereza au mashine? Wataalamu wa lugha wameyaweka yote mawili mezani. Mimi niliyeuona mstari wa chuma kabla sijauona ule wa vigingi nina rai yangu, na sitoi hati: jina limetoka gerezani, na tabia imetoka kwa mashine. Mpiga chapa alilikuta neno liko njiani, limekwisha kupoteza damu yake, akalitumia kwa mstari wake usio na bwana. Na waandishi, ambao siku zote hukaa ghorofani juu ya wapiga chapa na kujifunza kwao kuliko wanavyokiri, wakalichukua kutoka chini. Ninaiamini rai hiyo kwa sababu ya jinsi nilivyoona amri ya saa ikifanya kazi, hasa usiku mmoja ambao kila mtu wa umri wangu aliyekuwa Dar es Salaam ana kisa chake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, saa sita kamili, bendera ya Uingereza ilikuwa iteremshwe na ya Tanganyika ipandishwe mbele ya umati katika uwanja wa taifa, ilhali huko kaskazini Luteni Alexander Nyirenda na wenzake wamepanda Kilimanjaro na mwenge. Gazeti letu lilikuwa na wasomaji wa mjini na wasomaji wa bara, na wa bara waliletewa mafurushi yao kwa gari la moshi. Reli haikuwa na habari ya Uhuru; gari lilikuwa na saa yake. Tungengoja bendera ipande, Morogoro, Dodoma na Tabora wasingepata gazeti. Tusingengoja, tungewaandikia watu habari ya jambo ambalo halijawa. Mhariri, mtu mwema aliyeyazoea magazeti ya kwao, akaamuru tuandike kama jambo limekwisha, kwa kuwa ratiba inajulikana na magazeti yote ya dunia hufanya hivyo.

Fundi alipanda ngazi. Sikuwahi kumwona akipanda. Alisimama mlangoni na vidole vyake vyeusi vya wino, akasema kwa adabu, “Bwana Mhariri, mimi sifungi fremu ya bendera ambayo sijasikia imepanda. Mwenyezi Mungu ana saa sita zake.”

Mhariri alitaja saa ya gari la moshi. Fundi akasema kwamba saa ya gari anaijua, na kwamba hakuja kubishana nayo, amekuja kubishana na sentensi. Wakatazamana. Mimi, niliyekuwa mdogo wao wote, nilikuwa nimeshika waraka wenye kichwa cha habari, na ndipo nilipoona kwamba ugomvi wote umelala katika silabi moja ya lugha yetu: bendera itapandishwa, bendera imepandishwa. Tukachapa mafurushi ya bara kwa wakati ujao, tukiwaambia wasomaji kwamba usiku huu, saa sita, itapandishwa, nao wakayapokea yakiwa kweli na hayajachakaa sana. Mafurushi yakaenda stesheni. Kisha tukangoja. Simu ilipolia kutoka uwanjani, na kelele zilizotoka ndani ya simu zikasikika mpaka kwenye ngazi, Fundi alikwisha kufungua fremu, akang’oa herufi mbili kwa ncha ya koleo lake dogo, akatia mbili nyingine mahali pake, akafunga, akagonga kwa nyundo ya mti, na gazeti la mjini likachapwa likiwa limesema imepandishwa. Mhariri alishuka mwenyewe kulitazama. Alimpa Fundi mkono, na wino ukabaki mkononi mwake usiku kucha.

Usiku ule ulinipa fasiri ya maneno ya ami. Saa ya gari la moshi ilikuwa mstari wa namna ya ule wa chuma: hapakuwa na uonevu ndani yake, na kila mtu, mkubwa na mdogo, aliutii bila kuvunjika heshima. Sentensi ilikuwa jambo lingine. Hapo palikuwa na mtu aliyechora mstari kwa sababu amezoea kuchora, na mtu mwingine aliyeuliza mstari huo umepita wapi. Nimefanya kazi baadaye chini ya wakubwa wa aina nyingi, na nimekuta kwamba wengi hawatofautishi. Palikuwa na mkuu mmoja katika idara niliyohamishiwa, simtaji wala siitaji idara, aliyekuwa na desturi ya kutangaza siku ya mwisho iliyo kabla ya siku ya mwisho ya kweli, ili watu wahangaike mapema, akiona kwamba hiyo ni hikima. Mwaka wa kwanza tulihangaika. Mwaka wa pili makarani walikwisha kujua hesabu yake, wakaongeza siku wenyewe, mkuu naye akazidi kurudisha nyuma, makarani wakazidi kuongeza, mpaka ikawa hakuna katika jengo zima aliyejua kazi inatakiwa lini, na mzee mmoja wa masijala akazoea kuuliza kila alipoletewa waraka, “Hii ni tarehe ya bwana au ni tarehe yenyewe?” Vibao visivyotulia vinavyosogea, kama ilivyosema hati ya mashtaka ya Wirz, bunduki tu ndiyo haikuwapo.

Mimi nilipopewa kiti cha mhariri wa usiku nilijiwekea kanuni ya kuwaeleza vijana sababu ya kila saa niliyoitaja: saa hii ni ya mashine kupata moto, hii ni ya dereva wa Morogoro, na hii, nikiwa nimechoka, ni yangu mwenyewe na tunaweza kuzungumza. Kijana aliyejua sababu alikuwa akileta habari mapema au akinipigia simu kuomba muhula ilhali muhula bado upo. Asiyeijua alikuwa akileta mbio, akihema, habari ambayo haijakamilika, kwa sababu ametazama ukuta na hakutazama kazi.

Siku hizi nasikia wenzetu wa Kenya, katika redio na magazeti, wakisema makataa: serikali imetoa makataa, wafanyakazi wametoa makataa. Ni neno zuri la mwambao, lililotoka katika Kiarabu cha kukata, na zamani lilikuwa la fundi na tajiri wake wakikatiana kazi kwa ujira unaojulikana, pande mbili zikiwa zimekaa kitako. Linanipendeza kwa kumbukumbu hiyo ya mkutano, ijapokuwa nasikia linavyozidi kuwa la upande mmoja kadiri linavyotamkwa na wakubwa. Tanzania tunasema tarehe ya mwisho, maneno mapole, yasiyomtisha mtu na pengine ndiyo sababu hayamharakishi. Katika vyumba vya habari vijana wameliacha la Kenya na la Tanzania pia, wanasema dedilaini, na wanaponiomba makala siku hizi hunitajia dedilaini yao kwa simu, kwa sauti ya haraka. Huwa nawasikiliza mpaka mwisho, kisha nawauliza gari la mikoani linaondoka saa ngapi.